Fedha iliyomo ndani ya maji ya radiografi ni ya wagonjwa, si ya mtaro wala ya mchuuzi

BASE YA KAMINA – Mgonjwa anayetumwa kupiga radiografi hulipia vitu viwili, na kimoja haambiwi. Analipia picha ya mfupa au ya kifua chake. Analipia pia madini ya fedha. Picha anarudi nayo nyumbani ndani ya bahasha. Madini, kwa sehemu kubwa, yanabaki ndani ya chombo cha dawa katika kile chumba cha giza. Siku dawa inapochoka, mahali ambapo hakuna aliyepewa kazi ya kuihesabu, inamwagwa mtaroni kama maji ya kufulia.

Hilo ni kosa, na ni kosa la watu wote wanaosimamia chumba cha giza, wawe raia au wanajeshi, wawe hapa Base, mjini Kamina au kwingine katika jimbo la Haut-Lomami. Wagonjwa wanapoteza mali waliyokwisha kuilipia. Udongo unapokea dawa isiyo yake. Na familia zilizokimbia vita, ambazo hazichagui mahali pa kuteka maji wala kazi ya kufanya, ndizo zinazokaa karibu zaidi na hasara zote mbili.

Kwanza neno lieleweke. Hapa “fedha” ni madini, ile metali nyeupe ya pete na mikufu. Makuta ya mfukoni yataitwa pesa, ili mtu asichanganye.

Fedha inaingiaje katika maji?

Filamu ya radiografi ni karatasi ya plastiki iliyopakwa utando mwembamba. Ndani ya utando huo mna punje ndogo sana za fedha iliyoungana na bromini. Mashine inapopiga mwali, sehemu laini za mwili zinaupitisha na mfupa unauzuia. Filamu inatiwa katika dawa ya kwanza, na punje zilizoguswa zinageuka kuwa fedha nyeusi. Ndiyo maana kwenye picha mfupa ni mweupe na pembeni ni peusi. Kisha filamu inatiwa katika dawa ya pili, ile wafanyakazi wanayoiita fiksateri. Kazi ya fiksateri ni kuyeyusha punje ambazo hazikuguswa na kuzitoa kwenye filamu. Zisipotoka, picha nzima itaendelea kuwa nyeusi ikiona mwanga.

Kwa hiyo kila eneo jeupe la picha ni mahali ambapo fedha imetoka ikaingia majini. Fiksateri iliyotumika vya kutosha huwa na gramu kadhaa za fedha katika kila lita. Mara nyingi ni kati ya gramu 3 na 8. Mtu anayechimba jiwe hapati kirahisi jiwe lenye fedha ya kiasi hicho. Hapa haihitaji kuchimbwa. Imekwisha kuyeyushwa, imewekwa katika ndoo, na inasubiri mtu mwenye daftari.

Ni pesa ngapi?

Watu wanaotetea mtaro husema: “Ni kidogo tu, haifai kusumbukia.” Basi ihesabiwe. Chukua mfano wa chumba cha giza kinachochosha lita 20 za fiksateri kwa mwezi, na kila lita ina gramu 5. Hiyo ni gramu 100 za fedha. Soko la dunia huuza fedha kwa aunsi, na aunsi moja ni gramu 31.1. Gramu 100 ni kama aunsi 3.2. Kati ya mwaka 2014 na 2023 aunsi moja ilipanda na kushuka baina ya dola 12 na 30 hivi. Mwaka 2025 ikapita dola 50. Kwa bei ya dola 20, mfano huu unatoa dola 64 kwa mwezi. Kwa bei ya dola 50 unatoa dola 160. Mnunuzi hatalipa yote, maana atakata gharama ya kusafisha na kusafirisha. Hata akikata nusu, bado kuna kitu.

Ni kweli, pesa hizi hazitajenga hospitali mpya. Anayewaambia watu kwamba kuna utajiri uliofichwa katika ndoo za radiografi anawadanganya, na uongo huo ni hatari, kama itakavyoonekana hapa chini. Lakini dola 30 au 60 kwa mwezi, katika mahali ambapo mama anamrudisha mtoto nyumbani bila picha kwa kukosa malipo, si kitu cha kumwaga. Kila msimamizi anajua bei ya radiografi katika nyumba yake. Na agawanye mwenyewe, aone ni wagonjwa wangapi wasio na kitu wangepigwa picha bure kwa fedha iliyokwisha kulipwa na wagonjwa wengine. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai kamwe.

Katanga inaijua hadithi hii

Watu wa Katanga ya zamani hawahitaji kufundishwa maana ya mali inayoondoka bila hesabu. Mgodi wa Kipushi ulianza kazi mwaka 1924 ukasimama mwaka 1993. Kila mtu alisikia habari za shaba yake na zinki yake. Wachache waliambiwa kwamba ndani ya jiwe lile lile mlikuwa pia na fedha na jerimani. Madini makubwa yalitajwa, na yale madogo yaliyoandamana nayo hayakufika katika mazungumzo ya wakaaji. Sasa jambo lile lile linarudi kwa umbo dogo: picha inatajwa kwenye risiti, fedha iliyotoka katika picha haitajwi.

Base yenyewe ina historia yake na filamu. Wabelgiji waliijenga baada ya Vita ya pili ya dunia, na mwaka 1960 Umoja wa Mataifa ukaingia. Mwaka 1962 ndege za kivita za Sweden zilizofanya kazi chini ya Umoja wa Mataifa zilirukia hapa Kamina, na miongoni mwake zilikuwamo S 29C, ndege zilizobeba kamera za kupiga picha za ardhi kutoka juu. Filamu ya ndege haina tofauti na filamu ya mfupa: haionyeshi kitu mpaka ipitie fiksateri. Vitabu vya vita vinahesabu ndege na risasi. Havihesabu ndoo za dawa. Miaka zaidi ya 60 imepita, na chumba cha giza bado ni mahali ambapo hakuna anayeuliza nini kinatoka kwa mlango wa nyuma.

Mtaro unakwenda wapi?

Hapa pia ukweli usiongezwe chumvi. Fedha iliyofungwa ndani ya fiksateri haina sumu kali kama fedha iliyo huru majini, na mtu hafi kwa kupita karibu na mtaro wa radiografi. Lakini samaki na viumbe vidogo vya majini huumizwa na fedha kwa kiasi kidogo sana. Mtu anayemeza fedha kidogo kidogo kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi kuwa ya rangi ya majivu ya buluu, na rangi hiyo haiondoki tena. Marekani, taka yoyote ambayo katika kipimo cha maabara inaachia miligramu 5 za fedha kwa lita au zaidi inahesabiwa kuwa taka ya hatari. Fiksateri iliyotumika ina gramu, si miligramu. Ni kusema inazidi mpaka huo mara mamia.

Pamoja na fiksateri kuna dawa ile ya kwanza, ambayo mara nyingi ina haidrokinoni. Hiyo ni mbaya zaidi kwa ngozi ya binadamu na kwa samaki. Zote mbili zinakula hewa iliyomo majini, ile ambayo samaki wanaivuta. Haut-Lomami ni jimbo ambalo watu wake wengi wanaishi kwa samaki wa Lualaba na wa maziwa ya Upemba. Jimbo la wavuvi haliwezi kuzoea kusema “ni maji tu.”

Na swali la visima ni la watu wanaokaa karibu. Mwenye nyumba ya kudumu anaweza kuhamisha kisima chake. Familia iliyokimbia kutoka Malemba-Nkulu, Mitwaba au mbali zaidi, ikapewa kipande cha ardhi pale palipobaki, inachimba pale pale ilipo. Haikuulizwa kama juu yake kuna mtaro. Haina maabara ya kupima. Inategemea neno la mtu aliye ndani ya ua wa hospitali, na neno hilo mpaka sasa halijaandikwa popote inapoweza kulisoma.

Sheria haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na inampa pia wajibu wa kuyatetea. Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inaweka misingi ya kulinda mazingira, na sheria nambari 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 inahusu maji. Hakuna hata moja inayosema kwamba haki hiyo inakoma kwenye uzio wa kambi au kwenye mlango wa kambi ya wakimbizi wa ndani.

Hatari ya pili: mchuuzi wa filamu

Habari ya fedha ikisambaa bila maelezo, inazaa ubaya mwingine. Filamu zenyewe, hata baada ya kuoshwa, zinabaki na fedha katika sehemu zao nyeusi. Ndiyo maana katika nchi nyingi wapo watu wanaonunua filamu za zamani kwa kilo. Mchuuzi wa namna hiyo akifika, hataanza na ofisi ya msimamizi. Ataanza na mtu mwenye njaa.

Familia iliyokimbia hubeba vitu vichache: sufuria, nguo, kadi ya uchaguzi, na mara nyingi bahasha ya radiografi chini ya godoro. Bahasha hiyo ndiyo faili lote la mgonjwa. Hospitali aliyotibiwa inaweza kuwa imechomwa au imebaki upande wa pili wa vita. Daktari mpya hawezi kujua kama doa lililo kwenye pafu ni jipya au ni kovu la kifua kikuu kilichopona, isipokuwa awe na picha ya zamani ya kulinganisha. Anayeuza picha hiyo kwa franga kidogo ameuza ushahidi wa mwili wake. Kesho atalazimika kulipia picha nyingine, na daktari ataanza upya kama kipofu. Tena filamu huwa na jina na tarehe, na picha yenyewe inasema ugonjwa. Kuiuza ni kumpa mgeni siri ya mtu, na mara nyingi anayeuza si mwenyewe bali ni mtoto aliyetumwa kutafuta chumvi.

Kwa hiyo jibu kwa mchuuzi huyo liwe moja katika kila nyumba: picha ya mgonjwa haiuzwi.

Hatari ya tatu: sufuria ya jikoni

Kuna wanaosema: “Waachieni maskini wafanye kazi hiyo wenyewe, wapate kula.” Maneno hayo yana sauti ya huruma, lakini matunda yake ni macho yaliyoungua. Kutoa fedha katika filamu kwa njia za uani ni kuchemsha filamu katika soda ya kostiki, ile wanayotumia watengenezaji wa sabuni. Tone moja likiruka jichoni linaweza kulipofusha. Wengine huchoma filamu, na moshi wa plastiki unaingia katika vifua vya watoto. Wengine, kwingineko duniani, hutumia sianidi, sumu inayoua kwa dakika.

Fiksateri nayo ina mitego yake. Ikichanganywa na maji ya javeli, inaweza kutoa gesi ya klorini. Ikimwagiwa asidi ya betri, inatoa gesi ya salfa inayokaba koo. Mwanamke anayefanya hivyo katika kibanda kisicho na dirisha, mtoto akiwa mgongoni, hajapewa kazi. Amepewa ugonjwa ambao hana pesa ya kuutibu. Maskini anastahili kazi yenye glavu, kivuli, hewa na mshahara. Akipewa sufuria na sumu, ameonewa mara ya pili.

Njia iliyo sawa haihitaji mitambo mikubwa

Kutoa fedha katika fiksateri ndani ya hospitali ni kazi inayojulikana tangu zamani. Njia rahisi kuliko zote hutumia nyuzi laini za chuma, zinazofanana na zile za kusugulia sufuria. Fiksateri inapitishwa polepole ndani ya chombo cha plastiki kilichojazwa nyuzi hizo. Chuma kinayeyuka na kuingia majini, na fedha inatoka majini na kushuka chini kama tope la rangi ya kijivu au nyeusi. Vyombo vinafungwa viwili kwa kufuatana, ili kile kinachoponyoka cha kwanza kishikwe na cha pili. Maji yasikimbie, na nyuzi zisiachwe zikauke na kuota kutu katikati ya kazi, maana hapo hazishiki tena vizuri.

Namna ya kujua kama nyuzi zimechoka iko karibu sana na watu wa Katanga: kipande cha shaba. Shaba iliyosuguliwa ikang'aa inatiwa katika maji yanayotoka. Ikipata utando mweupe-kijivu, fedha bado imo, na chombo kinahitaji nyuzi mpya. Si maabara kamili, lakini ni askari wa mlangoni.

Njia ya pili ni umeme. Bamba mbili, moja la chuma kisichoshika kutu na jingine la kaboni, zinatiwa katika fiksateri, na umeme mdogo wa upande mmoja, kama ule wa betri au wa paneli ya jua, unapitishwa. Fedha inaganda kwenye bamba la chuma, na inaweza kuwa safi kwa zaidi ya asilimia 90. Umeme ukizidi, chombo kinaanza kunuka mayai yaliyooza na fedha inaharibika kuwa nyeusi. Hapo mfanyakazi anapunguza. Njia hii haimalizi fedha yote, ndiyo maana wengi huweka chombo cha nyuzi za chuma nyuma yake.

Maji yanayobaki baada ya kazi hiyo si ya kunywa wala ya kunyeshea mboga. Yana chuma na chumvi za dawa. Yanatakiwa kwenda katika shimo la maji machafu lililojengwa sawasawa, mbali na visima. Lakini hayabebi tena mali ya wagonjwa, na hayabebi tena mzigo wote wa fedha.

Hoja zinazotolewa ili pasiwe na hesabu

Ya kwanza ni ile ya kambi: “Mambo ya ndani ya Base ni siri ya jeshi.” Mahali zilipo silaha ni siri, na hakuna raia mwenye akili anayeuliza hilo. Lita za fiksateri si silaha. Siri ya jeshi haiwezi kugeuzwa kuwa kifuniko cha ndoo. Wake na watoto wa askari wanapiga radiografi kama watu wengine, na wanateka maji kama watu wengine. Askari wa kawaida ana faida katika daftari hili sawa na mkimbizi.

Ya pili ni ile ya maendeleo: “Mashine za kidijitali zinakuja, filamu zitakwisha.” Ni kweli kwamba mashine za kidijitali zinapunguza fiksateri, na heri zije. Lakini mpaka siku zitakapofika katika kila chumba, ndoo zinaendelea kujaa. Na hata zikifika, zitabaki filamu za miaka mingi katika stoo na chini ya magodoro. Tena nyingi ya filamu zinazochapishwa na mashine hizo bado zina fedha ndani yake. Mtu haachi kufunga mlango leo kwa sababu mwaka ujao atahamia nyumba nyingine.

Ya tatu ni ile ya mfanyakazi: “Mshahara hauji, hicho kidogo ndicho kinachotufikisha mwisho wa mwezi.” Hii ni hoja ya kusikilizwa, maana mfanyakazi asiyelipwa ni kweli anateseka. Lakini dawa yake si kimya. Kama sehemu ya pesa ya fedha inatakiwa kumwendea anayefanya kazi hiyo, iandikwe katika daftari kama posho, mbele ya wote, na hakuna atakayeona wivu. Kinachoharibu jina la chumba cha giza si posho bali giza.

Nini kifanyike

Mambo yanayodaiwa hapa hayahitaji kamati kutoka Kinshasa.

Kila nyumba inayoosha filamu ifungue daftari moja: lita za fiksateri zilizochoka, uzito wa tope au wa fedha iliyopatikana, jina la mnunuzi, bei, na matumizi ya pesa. Kila miezi mitatu ukurasa huo ubandikwe mlangoni, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Nyumba ndogo zisifanye kila moja peke yake. Lita 5 za huku na lita 10 za kule, zikikusanywa katika bidoni zilizofungwa na kuandikwa, zinatosha kwa chombo kimoja na wafanyakazi wawili waliofundishwa, wenye glavu na miwani.

Pesa itakayopatikana iwe na kazi moja inayojulikana: kulipia radiografi za wasio na uwezo, kwanza wakimbizi wa ndani na watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu. Pesa isiyo na kazi inayojulikana hupata kazi isiyojulikana.

Filamu za wagonjwa zirudishwe kwao au zitunzwe kwa utaratibu. Wakuu wa kata, viongozi wa kambi, makanisa na misikiti wawaambie watu wasiziuze. Zile ambazo kweli hazina mwenyewe, hospitali iziharibu kwa njia ya halali, majina yakiwa yamekatwa kwanza.

Na mashirika ya raia, pamoja na wajumbe wawili waliochaguliwa na familia zilizohama, mmoja wao mwanamke, wapewe ruhusa ya kuliona daftari na kuuona mtaro. Wanawake ndio wanaoteka maji. Haifai wawe wa mwisho kujua yanapita wapi.

Msimamizi atakayesema hawezi, na aseme hadharani ni lipi kati ya haya haliwezekani: kununua daftari, kutafuta nyuzi za chuma, au kubandika karatasi mlangoni. Kama hakuna lisilowezekana, basi kilichobaki ni kutotaka, na kutotaka kuna majibu yake katika mikutano ya kata na katika redio za jamii.

Mgonjwa ajaye katika chumba cha radiografi, awe mke wa askari, mchuuzi wa soko la Kamina au mama aliyefika juzi na mzigo kichwani, ana haki ya kuuliza swali moja baada ya kulipa na kupokea bahasha yake: “Na fedha ya picha yangu imeandikwa wapi?” Watu kumi wakiuliza hivyo kwa wiki moja, daftari litafunguliwa.